Anayepoteza usikivu huwa wa mwisho kujua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu jambo ambalo sisi nyumbani tulilitambua tukiwa tumechelewa, ingawa dalili zake zilikuwa mbele ya macho yetu kwa miaka.

Kaka yangu mkubwa anaendesha mashine ya kusaga mahindi hapa Jinja. Siku moja mke wake alimwambia kwamba wageni wangefika saa tisa, naye akasikia saa sita, akavaa, akakaa kuwasubiri mpaka akapandwa na hasira. Hakuna aliyefikiria masikio. Tulisema amekuwa mkaidi, na wifi yangu akaamini kwamba anadharauliwa, kwa kuwa mumewe alikuwa akielewana vizuri na wanaume wenzake, lakini yeye na watoto ilibidi warudie kila neno mara mbili.

Baadaye nilielezwa kwamba kelele huharibu kwanza chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba. Sauti kama s, t, f na sh ni nyembamba tena hafifu, ilhali irabu ni nzito na zina nguvu. Kwa hiyo mtu husikia kwamba anasemeshwa, ila maneno yenyewe humponyoka, hasa yakitoka kwa mwanamke au mtoto. Ndiyo maana kaka alikuwa akilalamika kwamba watu siku hizi wanamumunya maneno. Kwangu mimi hii ndiyo dalili ya kuangaliwa kuliko zote, kwa sababu anayesikia sauti hawezi kuamini kwamba hasikii.

Zilikuwapo nyingine: redio iliyopandishwa hadi jirani akalalamika, simu aliyoiweka daima kwenye sikio moja, ukimya wake msibani ambako watu wengi huzungumza kwa pamoja, na mlio masikioni usiku baada ya kazi. Wazee waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaujua mlio huo, na kwa kawaida mlio wao uliisha dawa ilipokwisha. Lakini unaorudi kila baada ya kutoka kwenye kelele ni onyo.

Ikiwa inakubidi upaze sauti ndipo mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo huenda imefika desibeli 85 katika kipimo cha ukubwa wa sauti, kiwango ambacho wataalamu hushauri mtu asikae nacho zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila inapopanda kwa desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Chembe zikishakufa hazioti tena. Kugundua mapema kunaokoa kile kilichobaki.

Hata hivyo, si kila usikivu unaopungua umetokana na kelele. Nta iliyoziba au sikio linalotoa usaha hutibika, ndiyo maana nilisikitika kaka alipouziwa matone katika duka moja la dawa bila mtu hata kumchungulia sikioni. Mgonjwa ana haki ya kuomba sikio lake liangaliwe kwa kifaa chenye taa kabla ya kutiwa chochote. Na aliyeamka sikio moja limeziba ghafla asingoje lizibuke lenyewe. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwani matibabu yake hufaa zaidi katika siku za kwanza.

Sasa kaka huvaa vizibo vya masikio kazini, na wifi humgusa bega kwanza, akasimama mbele yake penye mwanga, ndipo aseme.

Ninawaomba wenye mashine za kusaga na karakana za kuchomelea vyuma wawanunulie wafanyakazi wao vizibo hivyo na kuwapeleka wakapimwe usikivu, wakiwemo wale wanaoapa kwamba wanasikia vizuri.

Msomaji wako,
Walukuba, Jinja