Hell's Gate Jumamosi: matairi na gia

Habarini wanabaiskeli. Wengi mmeniuliza kama baiskeli ya lami itafaa safari yetu ya Jumamosi katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, kule Naivasha. Mimi naona muiache nyumbani. Kule ndani ni vumbi la majivu ya volkano, tairi jembamba linazama na kuteleza. Njooni na tairi la inchi 2 lenye meno, upepo psi 30 hadi 35 tu. Mkilijaza kama la lami, kila jiwe litawarusha. Miba ya migunga nayo haina huruma: kila mtu abebe tyubu mbili, viraka na pampu. Gia? Meno 32 kwenye gia ya mbele na 42 kwenye gia kubwa ya nyuma yanatosha kupanda bila kushuka kusukuma. Breki za diski si lazima.

Mtakaokodi baiskeli karibu na lango la Elsa la hifadhi, kagueni breki na cheni kabla ya kulipa. Majina yenu niyapate kufikia Alhamisi.