Mtunzi wa maneno naye atajwe

Mhariri,

Mimi hutunga maneno ya taarabu hapa Tanga. Kila mnapoandika habari za onyesho, mwimbaji hupata picha, mpiga kinanda hupata jina, mtunzi hapati hata nukta. Kwa nini?

Kwenye tamthilia za nyimbo za Marekani mambo si hivyo. Stephen Sondheim, aliyefariki 2021 akiwa na miaka 91, alianza kujulikana kwa maneno tu: mwaka 1957 aliandika ya tamthilia ya West Side Story, muziki ukiwa wa Leonard Bernstein. Ufundi aliupata tangu ujana kwa Oscar Hammerstein, mtunzi mashuhuri wa maneno ya tamthilia na baba wa rafiki yake, aliyemchambulia kazi yake ya shuleni bila kumwonea haya. Baadaye akawa anatunga muziki na maneno pamoja, na mwaka 1985 akashiriki tuzo ya Pulitzer.

Kwa vina alikuwa mkali, malenga wetu wangempenda. Ila ninachomvulia kofia ni kwamba aliulaumu wimbo wake mwenyewe, ule anaouimba Maria, msichana mhamiaji kutoka Puerto Rico ndani ya West Side Story. Vina vya ndani vilisukwa mno, akasema, binti kama yule hasemi hivyo. Nami nimesikia taarabu ngapi ambamo mke mwenza aliyekasirika anaongea kama wakili mahakamani!

Basi mwandishi wenu akija ukumbini, aulize nani kaandika maneno. Wanabendi watamwonyesha. Mara nyingi tumekaa nyuma, karibu na spika.

Mtunzi wa taarabu,
Tanga