Wito wa harambee: tableti tatu za kufundishia walezi wa wazee wetu, Ganze

Ndugu na jamaa wa Ganze, mlioko nyumbani na mlioko Mombasa, Nairobi, Saudia na Qatar,

Tunarudi kwenu na kikapu mkononi, na mabati ya chekechea mliyotuchangia hata hayajapata kutu. Tuvumilieni.

Mwezi uliopita mama mkwe wa mwenzetu mmoja alitoka nyumbani saa nane usiku, leso moja mwilini. Alfajiri alikutwa kwenye zizi la mbuzi la jirani, akimwita dada yake aliyekufa zamani. Kabla uji haujaiva, kijiji kilikuwa kimeshampa jina: mchawi. Hapa Kilifi jina hilo si tusi tu. Wazee wameuawa kwa ajili yake, na wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Bibi huyu hamrogi mtu. Ana dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linasema wanaougua ni zaidi ya milioni 55, na dawa ya kuuponya haipo. Kilichobaki ni matunzo, na kazi hiyo huwaangukia binti na mke wa mwana, ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Ndipo muuguzi anayejitolea kwetu akatuletea mazoezi ya kuigiza. Programu ya akili unde ndani ya simu hujifanya mzee: inagoma kuoga, inauliza neno lile lile mara kumi, inadai imeibiwa. Mlezi anaijibu kwa mdomo wake. Akikosea hajamuumiza mtu, anarudia. Kisha muuguzi anatueleza, maana programu si daktari, na Kiswahili chake ni cha msoma habari ilhali bibi zetu ni Kigiriama kitupu.

Mwenzetu yule alipokaa, simu ikamwambia, "Kibeti changu umekiiba wewe!" Akajibu, "Mimi? Sijaiba!" Sauti ikapanda, naye akapanda nayo. Mara ya tatu akasema, "Pole mama, tukitafute. Kilikuwa cha rangi gani?" Simu ikatulia. Akatugeukia: "Kumbe kelele nilikuwa napiga mimi." Jioni akajaribu hivyo hivyo nyumbani. Mama mkwe akajibu, "Buluu," akaomba chai.

Sasa aibu yetu. Walezi 14 tunagombea simu moja ya kuazima, kioo kimepasuka, chaji inaisha kabla ya mtu wa tatu. Waliobaki wanasubiri chini ya mwembe, na nyumbani mzee ameachiwa mtoto wa darasa la nne.

Tunahitaji KSh 120,000: tableti tatu KSh 66,000, bando la miezi 6 KSh 18,000, nauli na chakula cha muuguzi kwa vipindi 12 KSh 36,000. Mkononi tuna KSh 41,500. Hesabu itasomwa kila mwisho wa mwezi na risiti zitabandikwa mlangoni pa chekechea.

Harusi ya Agosti tuliichangia mpaka gari la bwana harusi likapambwa maua, kwa hiyo tusiambiane hali ni ngumu. Walioahidi kwenye kikao cha kwanza, majina yao hatutayasoma, lakini daftari lipo. Mwenyezi Mungu aliyetuamuru kuwaheshimu wazazi awajaze mlipotoa.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uwanja wa chekechea. Walio mbali wamtumie mhazini kwa M-Pesa. Namba iko kwenye kadi ya mchango. Kuku, mbuzi na mahindi vinapokelewa pia, vitapigwa mnada papo hapo.