Risala ya Klabu ya Sayansi na Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Selimundu Duniani, Kisumu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Kisumu. Leo, Juni 19, ukimuuliza mtu sokoni Kibuye herufi zake za damu, huenda akakujibu, "Mimi ni O." Hilo ni kundi la damu. Sisi tunauliza herufi mbili za himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, moja kutoka kwa baba na moja kwa mama: AA, AS au SS. A ni ya kawaida; S ndiyo inayopinda chembe nyekundu za damu kama mundu, na mwenye SS ana ugonjwa wa selimundu.

Mwenye AS kwa kawaida haumwi. Tena S moja humkinga mtoto asizidiwe na malaria, ndiyo sababu imeenea sana huku ziwani. Lakini wazazi wawili wa AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS. Kila mimba, mheshimiwa; aliyetangulia kuugua hamlipii anayefuata. Na kwa kuwa mtoto wa SS amepokea S kwa wazazi wote wawili, kumlaumu mama peke yake, au kusingizia chira, yaani laana ya kuvunja mila, ni uonevu.

Shida kubwa iko kwenye kipimo. Kile cha haraka huchanganya tone la damu na dawa inayoondoa oksijeni, kisha chembe hutazamwa kwa darubini. Zikipinda, karatasi huandikwa "chanya", basi. AS atapata chanya, SS pia chanya. Kichanga naye anaweza kuonekana mzima, kwa kuwa bado amejaa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama.

Kinachotoa herufi ni elektroforesisi. Mililita 2 za damu ya mshipa hutiwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo hugeuzwa taratibu mara kadhaa. Isipogeuzwa damu huganda na sampuli hutupwa. Maabara huisukuma himoglobini kwa umeme: A hutangulia, S hubaki nyuma. Mistari miwili, A na S, ni AS. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3, la sivyo A ya mfadhili itamfanya SS asomeke AS.

Mheshimiwa, tunaomba mambo mawili. Upimaji ukiletwa shuleni, kila karatasi iandikwe herufi, siyo "chanya". Pia, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, majibu asomewe mwanafunzi na mzazi wake faraghani, yasibandikwe ubaoni.

Ahsante.

Ni sisi, wanachama wa klabu.