Seli NK si kundi moja

Mhariri,

Kurasa za afya hurudia mara kwa mara kwamba seli NK, wale wauaji asilia wa kwenye damu, ni kundi moja, na zikihesabiwa nyingi basi kinga iko imara. Si hivyo.

Kwa mtu mzima, seli NK ni takriban asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Maabara huzitambua kwa alama za protini zilizo juu ya seli, zinazoitwa CD na namba. Tisa kati ya kumi zina CD56 hafifu (kidogo) pamoja na CD16, na hizo ndizo wauaji hasa. Zilizobaki zina CD56 kali (nyingi). Kazi yao kubwa ni kumwaga saitokini, protini za kupelekeana ishara kati ya seli. Hapo ni juujuu tu. Mwaka 2013 utafiti uliopima vigezo 37 kwa mpigo ulikadiria kuwa mtu mmoja ana aina 6,000 hadi 30,000 za seli NK. Pacha wa kufanana walikaribiana kwenye vipokezi (protini za seli za kupokea ishara) vya kuzuia, ambavyo hurithiwa, wakaachana kwenye vya kuchochea, ambavyo hutegemea zaidi mazingira.

Nyanda za Juu Kusini tuna mtego wetu. Njombe ilipata asilimia 12.7 ya maambukizi ya VVU kwa watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023. VVU visipodhibitiwa kwa dawa, huongezeka seli NK zilizopoteza CD56 zikabaki na CD16, na makali yake ya kuua ni madogo. Anayechuja kwa CD56 pekee hazioni kabisa, kisha anaandika “NK zimepungua”. Ondoa kwanza zenye CD3, CD14 na CD19, ambazo ni alama za seli nyingine (seli T, monosaiti na seli B), ndipo utazame CD56 dhidi ya CD16. Ongeza CD7 pia: kuna monosaiti zenye CD16 na CD14 hafifu zinazopenya, lakini CD7 hazina.

Kabla ya yote, damu yenyewe. Ikae kwenye tyubu ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi, ichakatwe siku hiyohiyo. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai haina huruma kwa sampuli iliyolala garini: granulosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, huingia kwenye tabaka la seli unazozitaka damu inapotenganishwa. Zungusha kwenye mashine ya kutenganisha damu kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 30, breki ya mashine ikiwa imezimwa, la sivyo matabaka yanavurugika. Wala usilinganishe damu mbichi na seli zilizogandishwa, maana kugandisha na kuyeyusha kunaweza kupunguza CD16 yenyewe.

Wataalamu wa maabara,
Mbeya