Vile "vimea" vya kwenye tangi lako

Makole, Dodoma
Septemba 12

Mpendwa Neema,

Salaam nyingi. Chupa yako ya maji ya tangi nilikabidhiwa na konda pale stendi ya Nanenane, salama kabisa, na Jumatatu nikaipeleka maabara ya shule kuiweka chini ya hadubini. Uliandika kwamba tangi lako la samaki limeota mimea ya ajabu ya aina tatu. Mimea ni ya aina mbili. Cha tatu ni mnyama.

Vijani vinavyoelea, kila kimoja na kimzizi chake kimoja kinachoning'inia, ni lemna. Zile punje zinazokunatia mkononi kama chenga za dona, zisizo na mzizi wowote, ni wolfia. Hebu fikiria: hiyo punje isiyofika hata milimita moja iko katika kundi la mimea midogo kuliko yote duniani inayotoa maua! Sina shaka zote mbili zilikuja na yale majani uliyochota kwenye majaruba ya Bahi. Hazina ubaya; hunyonya naitreti inayotokana na kinyesi cha samaki. Ila zikipata jua na maji yenye rutuba, lemna huongezeka maradufu ndani ya siku chache tu, zikafunika maji yote na mimea ya chini ikakosa mwanga. Zichote kwa chujio la chai uwape kuku, watakushukuru. Usizimwage mtaroni wala bwawani. Gugu maji la Ziwa Victoria linatutosha.

Sasa hivyo vishina vya kijani vilivyosimama kwenye kioo, vyenye vinyuzi kichwani. Hizo ni haidra. Huhitaji hadubini kuzitambua: chukua kijiti cha meno, kiguse kimoja taratibu. Mmea hautashtuka, lakini haidra itajikunja yote mpaka ibaki kinundu. Mimi niliona zaidi ya hapo. Kiroboto maji mmoja, kile kidudu kidogo cha majini, alipita, akagusa unyuzi mmoja, akakakamaa papo hapo, kisha akavutwa polepole hadi mdomoni. Vinyuzi hivyo ni mikono yenye sumu. Na ukijani uliokuchanganya ni wa mwani unaoishi ndani ya mwili wake na kumgawia chakula.

Wala si wewe wa kwanza kujiuliza. Mwaka 1740, huko Uholanzi, mwanasayansi Abraham Trembley alitatizwa na swali hilihili, mmea au mnyama, akaona heri amkate haidra vipande viwili aone. Kila kipande kikakua kikawa haidra kamili. Ndiyo maana ulipokwangua kioo kwa wembe vikazidi badala ya kupungua.

Kuhusu vifaranga wa samaki unaosema wanapotea: haidra wanaweza kuwakamata wale wadogo kabisa, lakini usiwabebeshe lawama yote. Gapi wenyewe, hao samaki wako, hula watoto wao, tena bila aibu. Watenge majike wenye mimba kwanza, halafu ndipo tuhesabu.

Kuwaondoa haidra, mimi ningeanza na njaa. Punguza chakula, fyonza mabaki chini kwa mpira, badilisha sehemu ya maji. Haidra hustawi panapokuwa na wadudu wadogo wengi, na hao hustawi panapobaki chakula. Watu wengine hutumia fenbendazo, ile dawa ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi inayouzwa maduka ya mifugo, na kweli inaua haidra, lakini inaweza kuua na konokono pia, na najua unavyowapenda wale konokono wako. Klorini usiisogeze hata karibu.

Lemna ukizichota wiki hii, nitumie ndoo ndogo kwa konda yuleyule. Bata wa mama mkwe wameanza kunichukia kwa pumba tupu, na mama mkwe naye hayuko mbali.

Wasalimie watoto na Manyoni yote.

Ni mimi,
Rehema