Rukia, nipokelee shangazi

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, watoto wazima. Nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe, ni shangazi huyu.

Majibu yametoka: saratani ya mlango wa kizazi. Ameandikiwa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani huko kwenu Dar es Salaam. Rukia, mtu ameshakoma hedhi miaka, anatokwa na damu, na mahali alipokwenda mwanzo wakampa dawa za UTI mara tatu bila hata kumlaza kitandani wamtazame! Naandika mkono unatetemeka.

Na maneno ya watu sasa. Yule wa mikate ya kumimina keshasema ni kijicho cha mke mwenza. Juzi nimemkuta shangazi barazani anasuka ukili, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nimemkosea nani?"

Nikamuuliza, ukikosea chane moja unafanyaje? "Nafumua." Basi seli nayo, kabla ya kugawanyika, hunakili maandishi yake yote, na makosa hayakosekani. Ipo protini inaitwa p53, ndiyo mfumuaji: husimamisha kazi kosa litengenezwe, na likishindikana seli ile huuawa. Saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi wetu hutupitia, mwili ukakiondoa. Kikigoma kutoka miaka na miaka, hutoa protini inayoiangamiza p53, na nyingine inayoifunga mikono Rb, ile inayozuia seli isigawanyike kabla ya wakati wake. Hapo hapana tena wa kufumua. Kosa linasukiwa juu ya kosa, seli zinazaana bila kuagizwa, mwisho zinaingia nyama ya jirani.

Akautazama ukili wake kitambo, akafumua chane mbili ambazo mimi sikuona kama zina kasoro. "Kwa hiyo si mtu," akasema. Nikamwambia si mtu, shangazi. Tangu siku ile anakula.

Lakini yule mama wa mikate bado anapita kila asubuhi... basi, tuyaache.

Tunakuja Jumatatu. Mionzi ni ya wiki kadhaa, utaweza kumweka kwako? Kutoka Magomeni hadi Ocean Road asubuhi mnapandia wapi? Na binti yako si ametimiza 12, amechanjwa chanjo ya HPV? Chanjo ni ya wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure, usingoje shule ikukumbushe. Na wewe mwenyewe, kile kipimo cha kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, kutafuta dalili za mwanzo za saratani, umewahi kukifanya? Twende pamoja nikija?

Shoga yako,
Salma